Barua ya Katibu, Kikundi cha Sindano

Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Taifa cha Kazi za Mikono,
kwanza, stakabadhi imefika.
Ada tulilipa, elfu thelathini, nyingi sarafu za mia mbili,
nanyi mkaandika: Kikundi cha Sindimba, Piki, Pemba.
Ngoma hatuchezi. Tunashona kofia.
Ni Sindano.

Pili, fulana. Ahsanteni.
Zilikuja kumi na mbili, sisi tuko saba.
Bi Mize Faki, ambaye vidole vyake ndiyo kikundi chenyewe,
yake kampa mjukuu akalimie muhogo.
Mgongoni imeandikwa TUNAWEZA.
Tulikuwa tunajua.

Tatu, yule afisa wenu, kijana mpole wa watu,
alitupiga picha, akauliza soko letu liko wapi.
Shaame akamjibu: mimi hushona baada ya laasiri
kwa kuwa mchana kutwa naziba pancha za baiskeli,
na pancha haina ua.
Kijana akaandika: *hawana malengo.*

Sasa lililotuketisha mpaka taa ikazimika.

Marehemu Mwatime alikwenda na kiua chake,
kile alichokiita mbegu za tungule.
Aliacha kofia nusu: mzingo umekwisha,
kilele hakijaguswa hata na penseli.
Mwaka wa nne huu imelala ndani ya bati la biskuti
pamoja na karafuu chache za kufukuzia wadudu.
Tumejaribu. Mize kafumua mara sita.
Safu ya tatu, tundu moja linazidi,
linasimama tu, kama mtu aliyekosea nyumba ya harusi
na keshavua viatu.

Na kofia nzima mnayo nyinyi.
Zuwena aliiona, alipokuja Unguja kufuatia pasipoti ya hija:
imo kabatini, nyuma ya kioo,
ubavuni mwa kikombe mlichoshinda kwenye maonyesho.
Kijikaratasi kinasema: Kofia. Pemba. Mshonaji hajulikani.

Anajulikana.
Ni Mwatime binti Hamad, nyumba ya tatu kutoka kisimani,
aliyekuwa akipiga chafya kila akikata uzi.

Hatusemi irudi. Tunaomba siku moja.
Mtu apande nayo boti, ndani ya hotipoti akipenda,
isiingie chumvi.
Mikono tutanawa. Vitundu tutahesabu.
Shaame atachora kwenye daftari la hesabu, lile la miraba,
na nakala mtaipata, muipeleke Makunduchi, muipeleke Konde,
kwa watu wa namna yetu ambao hatuwajui
nao hawatujui, na pengine huko
yuko anayelia na tundu jengine ambalo sisi tunalo jibu lake.
Chama, kwa akili zetu za barazani, ni hicho:
anayejua aonane na anayetafuta.
Fulana zije baadaye, au zisije.

Bi Mize kanishika mkono, kasema barua bila beti ni chai bila tangawizi,
niandike hivi hivi, nisiongeze langu:

  *Kofia ya kabatini, kichwa hakitaijua,*
  *Itoeni kifungoni, ipate kuona jua,*
  *Tundu la tatu safuni, ndilo linalosumbua,*
  *Mkituonesha ndani, sote tutalitambua.*

Jibu lipitieni dukani kwa Shaame, pale penye tairi jekundu.
Na jina, tafadhalini, herufi ni saba tu.

Nilitaka kufunga hapa. Lakini Ijumaa
Mize alilifungua tena lile bati, akaitazama ile nusu,
akatunga uzi mweupe kwa jicho lake moja linaloona,
akaichomeka sindano kwenye kanga, begani,
akasema ikae tayari.
Leo Jumatano. Kanga kabadili mara mbili,
na kila mara ameihamisha.

Wenu,
Bikombo Makame, Katibu